Fibonacci: Mwanafunzi wa Bugia aliyewafundisha wafanyabiashara kugawanya

Ulimwengu unamkumbuka Leonardo wa Pisa kwa jina la Fibonacci na kwa hesabu yake ya sungura. Hata hivyo, sungura hao wanachukua nafasi ndogo tu katika kitabu chake kikuu. Kurasa nyingi zinashughulikia jambo lililowahusu zaidi watu wa sokoni: namna ya kugawanya mali kati ya watu bila yeyote kudhulumiwa, hata pale namba zinapokataa kugawanyika sawasawa.

Elimu hiyo hakuipata Ulaya. Aliipata kwenye pwani ya Afrika.

Mtoto wa forodhani

Leonardo alizaliwa Pisa, nchini Italia, mnamo mwaka 1170. Mnara ulioinama ambao leo unawavuta watalii katika mji huo ulianza kujengwa mwaka 1173, yeye akiwa bado mtoto mdogo. Pisa ya wakati huo ilikuwa dola ya mabaharia na wachuuzi, iliyoshindana na Genoa na Venice katika biashara ya Bahari ya Mediterania.

Baba yake, Guglielmo, alikuwa mwandishi rasmi wa serikali ya mji. Alipelekwa Bugia kusimamia maslahi ya wafanyabiashara wa Pisa katika nyumba ya forodha. Bugia leo inaitwa Bejaia, nayo ni bandari ya Algeria. Enzi hizo ilikuwa chini ya dola ya Kiislamu ya Almohad na ilijulikana kwa kusafirisha nta, kiasi kwamba Wafaransa waliuita mshumaa kwa jina la mji huo.

Guglielmo alimwita mwanawe aungane naye, akataka asome hesabu kwa manufaa ya maisha yake ya baadaye. Huko Bugia ndiko kijana huyo alikofundishwa tarakimu 9 za Wahindi pamoja na alama ya mahali patupu. Mfumo huo ulitoka India, ukapokewa na wataalamu wa Baghdad, akiwemo al-Khwarizmi katika karne ya 9, kisha ukaenea hadi Maghrib. Neno la Kiarabu sifr, lililozaa sifuri ya Kiswahili, Leonardo aliliandika kwa Kilatini kama zephirum, na kutokana na umbo hilo Wataliano wakapata zero.

Alipokuwa mtu mzima alisafiri kwa shughuli za biashara hadi Misri, Sham, Byzantium, Sicily na Provence. Kila alikofika alichunguza jinsi watu walivyopiga hesabu na kujadiliana na wajuzi wa mahali hapo. Aliporejea Pisa mnamo mwaka 1200, alikuwa na hakika kwamba njia aliyofundishwa Bugia ilizishinda nyingine zote.

Tatizo la baki

Ili kuelewa uzito wa alichorudi nacho, ni lazima kutazama jinsi wenzake wa Ulaya walivyokuwa wakihesabu. Kumbukumbu ziliandikwa kwa namba za Kirumi, lakini hesabu yenyewe ilifanywa kwenye ubao wa kuhesabia kwa kusogeza vigae au vijiwe. Kazi ikiisha, vijiwe viliondolewa. Jibu lilibaki, lakini njia iliyolileta haikuacha alama yoyote. Aliyetilia shaka mgao wake hakuwa na karatasi ya kukagua.

Ugumu ulizidi katika kugawanya. Mizigo 17 ikigawanywa kwa watu 5, kila mmoja anapata 3, na mizigo 2 inabaki. Mtu anaweza kuishia hapo na kusema kwamba jibu ni 3, baki 2. Lakini baki hiyo bado ni mali, na ina wenyewe watano. Kuiacha kando ni kuahirisha ugomvi.

Njia aliyoileta Leonardo ilikuwa kuendelea kugawanya. Mizigo 2 kwa watu 5 inampa kila mmoja mbili ya tano, na kiasi hicho kinaandikwa kwa tarakimu mbili zilizotengwa na mstari: 2 juu, 5 chini. Mstari huo haukuwa uvumbuzi wake. Wanahisabati wa Maghrib walikuwa wakiutumia katika karne ya 12, miongoni mwao al-Hassar. Leonardo ni miongoni mwa watu wa kwanza kuutumia katika maandishi ya Kilatini. Athari ya walimu wake inaonekana hata katika mpangilio: aliandika sehemu upande wa kushoto wa namba kamili, kama inavyotarajiwa kwa mtu aliyezoea hesabu inayosomwa kutoka kulia.

Wanafunzi wa Afrika Mashariki wanaiita namba ya juu kiasi na ya chini asili. Namba yoyote inayopatikana kwa kugawanya namba kamili moja kwa nyingine huitwa namba wiano. Namba 3 ni wiano, kwa kuwa ni 6 gawanya kwa 2. Mbili ya tano ni wiano pia, nayo ina sura nyingi: nne ya kumi, sita ya kumi na tano, na kuendelea bila mwisho. Sura hizo zinatofautiana kwa maandishi tu. Thamani ni ileile.

Sharti ni moja, kwamba kigawanyo kisiwe sifuri. Kugawanya 10 kwa 2 ni kutafuta namba ambayo ikizidishwa kwa 2 italeta 10. Hakuna namba ambayo ikizidishwa kwa sifuri italeta 10, na kwa hiyo swali hilo halina jibu.

Mikate ya wasafiri

Hesabu moja katika kitabu cha Leonardo inaonyesha kwa nini jambo hili si la darasani pekee. Watu wawili wana mikate, mmoja 3 na mwingine 2. Wanaketi kula, na askari apitaye njiani anakaribishwa. Wote watatu wanakula sawa, mikate inakwisha, na askari anaacha sarafu 5 za dhahabu kulipia alichokula. Mwenye mikate 3 anachukua sarafu 3, mwenye 2 anachukua 2. Je, wamegawana kwa haki?

Watu wengi wangesema ndiyo. Leonardo anaonyesha kwamba sivyo. Mikate 5 kwa watu 3 ni mkate mmoja na theluthi mbili kwa kila mtu, yaani theluthi 5. Mwenye mikate 3 alikuwa na theluthi 9. Akala 5, akampa mgeni 4. Mwenye mikate 2 alikuwa na theluthi 6. Akala 5, akampa mgeni 1. Askari alilipia chakula alichopewa yeye, hakulipia kile ambacho wenyeji wake walikila. Kwa hiyo wa kwanza anastahili sarafu 4, na wa pili sarafu 1.

Wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki na wa Ghuba huenda wakaitambua hukumu hiyo. Katika masimulizi ya Kiislamu, hukumu ya namna hiyo inanasibishwa na Imam Ali bin Abi Talib, ambapo mikate ni 5 na 3, malipo ni dirhamu 8, na mgao wa haki ni dirhamu 7 kwa 1. Mantiki yake ni hiyohiyo. Asiyeweza kuhesabu kwa theluthi hawezi kuiona dhuluma iliyo mbele yake.

Kitabu cha mwaka 1202

Kitabu ambamo hesabu hizo zimo, Liber Abaci, kilikamilika mwaka 1202, na toleo lililorekebishwa likatoka mwaka 1228. Kina sura 15. Zile za mwanzo zinafundisha tarakimu mpya na namna ya kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Kisha zinafuata sura za sehemu, na baada yake zile zilizomlenga moja kwa moja mfanyabiashara: bei za bidhaa, ubadilishanaji wa mali kwa mali, mgao wa faida kati ya washirika, na uchanganyaji wa madini ya kufulia sarafu.

Mahitaji yalikuwa makubwa. Pauni ya Pisa ilikuwa na solidi 20, na kila solidi ilikuwa na denari 12. Bandari nyingine zilikuwa na sarafu zao, mizani zao na vipimo vyao vya nguo na nafaka. Hali kama hiyo iliwahi kuwapo Afrika Mashariki pia: rupia ya Kijerumani ilikuwa na pesa 64 hadi mwaka 1904, ilipogawanywa upya kuwa heller 100.

Leonardo alitumia mstari mrefu wenye tarakimu kadhaa juu na chini. Pauni 3, solidi 7 na denari 5 ziliandikwa kwa mstari mmoja, 5 ikiwa juu ya 12 na 7 ikiwa juu ya 20, kisha 3 pembeni. Hesabu iliyohitaji mafungu matatu ya vijiwe sasa ilikaa kwenye mstari mmoja wa wino, na yeyote aliyeujua mfumo huo angeweza kuikagua.

Kuhusu ushirika, kanuni yake ilikuwa kwamba faida ifuate mtaji. Aliyetoa theluthi ya mtaji apewe theluthi ya faida, hata kama faida hiyo haigawanyiki kwa 3. Kwa washirika ambao fedha zao zilikuwa katika chombo kimoja baharini, kanuni hiyo ilikuwa kinga ya urafiki wao. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na kitabu cha Leonardo kilikuwa mafunzo ya kulijaza daftari hilo.

Alihifadhi pia elimu kongwe zaidi ya Afrika. Wamisri wa kale waliandika sehemu kwa kujumlisha vipande vyenye kiasi cha 1, kando na theluthi mbili. Mikate 5 kwa watu 8 kwao ilikuwa nusu na thumuni kwa kila mtu. Njia hiyo ina faida ya wazi kwa mwenye kisu mkononi: mikate 4 inakatwa nusunusu, wa tano unakatwa vipande 8, na kila mtu anaona kwamba mafungu ni sawa. Leonardo alieleza utaratibu wa kuigeuza sehemu yoyote kuwa vipande vya aina hiyo: chukua kipande kikubwa kabisa kinachoingia, kitoe, kisha fanya vivyo hivyo kwa kilichobaki. Uthibitisho kwamba utaratibu huo hufika mwisho daima ulitolewa na Mwingereza James Joseph Sylvester mwaka 1880.

Mtihani mbele ya mtawala

Sifa za Leonardo zilimfikia Frederick wa Pili, mtawala wa Dola Takatifu ya Kirumi na mfalme wa Sicily, ambaye baraza lake lilikuwa na wajuzi wa Kilatini, Kigiriki na Kiarabu. Mtawala huyo alipofika Pisa katika miaka ya 1220, mmoja wa wataalamu wake, Johannes wa Palermo, alimpa Leonardo maswali ya kumpima.

Swali moja lilitaka ipatikane namba ambayo mraba wake ukiongezwa 5 unabaki kuwa mraba, na ukipunguzwa 5 unabaki pia kuwa mraba. Anayetafuta kati ya namba kamili atatafuta milele. Jibu la Leonardo lilikuwa 41 gawanya kwa 12. Mraba wake ni 1681 gawanya kwa 144. Kuongeza 5 ni kuongeza 720 juu ya mstari, ikapatikana 2401, ambayo ni mraba wa 49. Kupunguza 5 kunaleta 961, ambayo ni mraba wa 31. Maelezo yake yamo katika kitabu cha miraba alichokiandika mwaka 1225, ambacho wanahisabati wengi wanakiona kuwa kazi yake bora zaidi.

Swali jingine lilirejea kwenye mgao wa mali. Watu watatu wana fungu la fedha. Haki yao ni nusu, theluthi na sudusi. Kila mmoja anachota kwa pupa hadi fungu linakwisha. Kisha wa kwanza anarudisha nusu ya alichochukua, wa pili theluthi, wa tatu sudusi. Kilichorudishwa kinagawanywa sawa kwa watatu, na kila mmoja anajikuta na haki yake kamili. Leonardo alijibu kwamba fungu lilikuwa 47, na kwamba walichota 33, 13 na 1. Kilichorudishwa ni 21, yaani 7 kwa kila mtu. Wa kwanza anabaki na 23 na nusu, ambayo ni nusu ya 47, na wenzake nao hesabu zao zinatimia vivyo hivyo.

Swali lililobaki lilikuwa zito kuliko yote, nalo lilikuwa limeshashughulikiwa na Omar Khayyam kwa njia ya jiometri. Itafutwe namba ambayo mchemraba wake, ukijumlishwa na miraba yake miwili na mara kumi ya namba yenyewe, unaleta 20. Leonardo alionyesha kwamba jibu si namba kamili, na si sehemu yoyote ya namba kamili kwa namba kamili. Alikwenda mbele na kuonyesha kwamba halimo hata katika aina za vipeuo alizozieleza Euclid.

Mtu aliyewafundisha wengine kwamba baki yoyote inaweza kuandikwa juu ya mstari alikuwa amefika mahali ambapo mstari huo hautoshi. Badala ya kudai jibu ambalo hakuwa nalo, alitoa kadirio kwa mafungu ya sitini, kama walivyofanya wanafalaki. Kwa maandishi ya leo ni takriban 1.3688081075, nalo ni sahihi hadi nafasi ya 9 baada ya nukta. Njia aliyotumia kulipata hakuieleza.

Sungura wake nao wanaelekea huko huko. Katika mfuatano wa 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia. Kila namba ikigawanywa kwa iliyo kabla yake, majibu yote ni namba wiano, lakini yanakaribia 1.618, namba ambayo thamani yake kamili haiwezi kuandikwa kama sehemu. Leonardo hakuliandika jambo hilo. Mnajimu Johannes Kepler aliligusia mwaka 1611.

Kupokelewa na kusahauliwa

Tarakimu mpya hazikupokelewa kwa mikono miwili. Mwaka 1299 chama cha wabadilishaji fedha wa Florence kiliwakataza wanachama wake kuzitumia katika vitabu vya hesabu, na kikataka namba ziandikwe kwa herufi. Hofu ya udanganyifu mara nyingi hutajwa kuwa sababu, kwani sifuri ni rahisi kuigeuza kuwa 6 au 9. Hata hivyo, shule za hesabu kwa watoto wa wafanyabiashara zilienea katika miji ya Italia, zikifundisha kwa lugha ya watu kile ambacho Leonardo alikiandika kwa Kilatini. Taratibu, ubao wa vijiwe ulishindwa.

Pisa ilimtambua angali hai. Mnamo mwaka 1240 serikali ya mji iliamua kumlipa pauni 20 kila mwaka, mbali na marupurupu ya kawaida, kwa kuushauri mji na maofisa wake katika masuala ya hesabu. Hiyo ndiyo habari ya mwisho iliyoandikwa juu yake, na inadhaniwa alifariki muda si mrefu baadaye.

Kwa karne nyingi jina lake lilififia, huku maarifa aliyoyaeneza yakitumiwa kila siku. Jina la Fibonacci, lenye maana ya mtu wa ukoo wa Bonacci, lilienea hasa katika karne ya 19. Ni katika karne hiyo pia, kati ya mwaka 1857 na 1862, ambapo Baldassarre Boncompagni alizichapisha kazi zake mjini Roma. Tafsiri kamili ya Liber Abaci kwa Kiingereza, iliyofanywa na Laurence Sigler, ilitoka mwaka 2002, miaka 800 baada ya kitabu kuandikwa. Sanamu yake ya marumaru imo katika makaburi ya kale ya Camposanto, Pisa.

Kiswahili nacho kilipokea urithi kutoka chemchemi hiyohiyo ya Kiarabu, bila kupitia Italia. Nusu, theluthi, robo, sudusi na thumuni ni maneno yaliyofika pwani pamoja na biashara na sheria ya mirathi, na thumuni, yaani moja ya nane, ikaja kuwa jina la sarafu ya senti 50. Wazee wanaokaa kugawa shamba la marehemu, na washirika wanaofunga hesabu za duka mwisho wa mwaka, wanakabiliana na swali lile alilokutana nalo kijana wa Pisa kwenye forodha ya Bugia: kilichobaki ni cha nani, na ni kiasi gani kwa kila mmoja.